Hotuba Juu ya Dondakoo, Ugonjwa wa Koo Unaoambukiza



Nimeombwa niseme nanyi habari ya ugonjwa mmoja wa koo uitwao dondakoo. Jina lake wengi mmelisikia kliniki, siku ya kupeleka watoto wachanga, kwa maana hutajwa pamoja na kifaduro na pepopunda kana kwamba ni ndugu watatu wa tumbo moja. Lakini nikiwauliza ni nani hapa aliyepata kuuona ugonjwa huo kwa macho yake, nadhani mikono itakayoinuliwa ni michache. Kifaduro mwakijua kwa mlio wake, na pepopunda mwaijua kwa jinsi inavyoyakaza mataya. Dondakoo hamlijui. Kutolijua huko si aibu, bali ni faida mliyoipata kwa kuchanja watoto. Walakini kuna hatari ndani yake, kwa kuwa adui asiyejulikana sura akibisha hodi hukaribishwa kama mgeni.

Ndiyo sababu sitalieleza jambo hili kwa juu juu. Nataka mwondoke hapa mkiweza kumtazama mtoto kinywani na kusema: hili si koo la kawaida, mtoto huyu aende hospitali leo. Nasema leo, wala si kesho, na nitawaonyesha kwa nini siku moja katika ugonjwa huu ni kitu kikubwa.

Dondakoo huletwa na vijidudu vya namna ya bakteria, vidogo hata jicho haliwezi kuviona pasipo hadubini. Ukivitazama kwa chombo hicho waona vijiti vidogo vidogo, vingine vimenenepa ncha moja, ndiyo maana wataalamu walivipa jina litokalo katika neno la Kiyunani lenye maana ya rungu. Aliyevieleza kwanza ni daktari wa Kijerumani aitwaye Edwin Klebs, mwaka 1883. Na mwaka uliofuata Friedrich Loeffler alifaulu kuviotesha peke yake katika vyombo vyake, akaonyesha ya kuwa ndivyo viletavyo ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha kupewa jina zamani, mwaka 1826, na daktari wa Kifaransa, Pierre Bretonneau wa mji wa Tours. Yeye aliuita kwa neno la Kiyunani la ngozi ya mnyama, kwa ajili ya utando mgumu mfano wa ngozi uotao kooni.

Sasa sikilizeni jambo lililomshangaza Loeffler. Aliwadunga wanyama vijidudu vile, nao wakafa. Alipowapasua aliona viungo vya ndani vimeharibika, lakini vijidudu vyenyewe havimo humo. Vyote vimebaki pale pale sindano ilipoingia. Na kwa watoto waliokufa mambo yalikuwa vivyo hivyo: vijidudu viko kooni, na moyo, usioguswa na kijidudu hata kimoja, umelegea na kusimama. Je, yawezaje kuwa? Kijidudu kikae kooni, na kiue moyo ulio mbali?

Jibu lilipatikana Paris mwaka 1888, katika Taasisi ya Pasteur. Émile Roux na Alexandre Yersin waliotesha vijidudu hivyo katika mchuzi wa nyama, kisha wakauchuja mchuzi ule kwa kichujio cha kaure chenye matundu madogo mno hata kijidudu hakiwezi kupenya. Mchuzi uliotoka ulikuwa hauna kitu chenye uhai ndani yake. Wakawadunga wanyama mchuzi huo mtupu, na wanyama wakafa. Na wale waliochelewa kufa wakapooza viungo, sawasawa na watoto waliougua dondakoo. Basi hapo ikajulikana ya kuwa silaha ya ugonjwa huu ni sumu. Kijidudu ni mfano wa mtu aliyesimama kisimani akitia sumu majini. Haingii katika nyumba ya mtu, havunji mlango, lakini kila nyumba inywayo maji yale hupata msiba.

Sumu hiyo huchukuliwa na damu hata kila mahali. Ikiingia katika chembe ya mwili huizuia isiweze kujitengenezea protini, na chembe isiyoweza kujitengenezea protini hufa. Koo hufa ngozi yake kwanza, kwa kuwa ndilo jirani. Baadaye hufuata moyo, na mishipa ya fahamu, na pengine figo. Tena si vijidudu vyote vya aina hii vyenye sumu. Mwaka 1951 mtaalamu wa Kimarekani, Victor Freeman, alionyesha ya kuwa kijidudu kisicho na sumu hupata uwezo wa kuitoa kikiisha kuingiwa na kirusi chake. Yaani kijidudu nacho huambukizwa, na ugonjwa wake ndio unaotuua sisi. Mambo ya dunia ni ya ajabu.

Labda mtauliza, vijidudu hivi vyatoka wapi? Havitoki katika upepo mbaya, wala katika baridi ya usiku, wala katika jicho la mtu. Vyatoka kwa mtu mwingine. Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya hutoa matone madogo, na aliye karibu huyavuta kwa pumzi. Watoto walalao kitanda kimoja hupeana upesi. Kadhalika wale wanywao kwa kikombe kimoja, wapokezanao kijiko, au wachezao kwa kutia kinywani kitu kilichotoka kinywa cha mwenzao. Zamani katika Ulaya na Marekani hata maziwa yasiyochemshwa yaliwahi kuueneza. Vilevile vijidudu hivi hukaa katika vidonda vya ngozi, hasa katika nchi za joto, na mtu akigusa kidonda hicho au kitambaa kilichokifunga aweza kuvichukua. Hilo ni donda lisilo na koo, nalo mara nyingi halimsumbui sana mwenyewe, lakini laweza kumpa jirani lile lenye koo.

Jambo gumu ni kwamba wako watu wenye vijidudu hivi kooni wala hawaumwi neno. Hula, hucheka, huenda shule au sokoni, na huku wanagawa. Mgonjwa asiyepata dawa huweza kuambukiza wengine kwa muda wa wiki 2 hata 4. Tangu vijidudu kuingia hata dalili kuonekana, kwa kawaida hupita siku 2 mpaka 5. Basi ukisikia mtoto wa jirani amepatwa leo, usiseme wa kwako amepona kwa sababu usiku huu amelala vizuri.

Nyumba kubwa haiuzuii ugonjwa huu. Mwezi wa Novemba 1878 uliingia katika jumba la mtawala wa Hesse, huko Darmstadt katika Ujerumani. Mke wake, Alice, alikuwa binti wa Malkia Victoria wa Uingereza. Bibi huyu aliwauguza mumewe na watoto wake kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto wake Marie, mwenye umri wa miaka 4, alifariki tarehe 16 Novemba. Na mama mtu naye akaambukizwa, akafariki tarehe 14 Desemba, ana miaka 35. Walikuwa na madaktari, na vyumba vingi, na watumishi, na fedha. Kitu ambacho hawakuwa nacho ni dawa, kwa kuwa siku hizo haikuwako duniani.

Sasa nitaeleza dalili, nanyi waalimu nawaomba mshike sana hapa.

Ugonjwa huanza polepole, na hilo ndilo hila yake. Mtoto huwa mnyonge, hataki kucheza, hataki kula, asema koo lamwuma akimeza. Homa ipo, lakini si kali. Mama akimgusa paji la uso aona joto kidogo tu, akasema ni mafua, yatapita. Mafindofindo tuliyoyazoea huja kwa namna nyingine: mara nyingi mtoto hushikwa ghafula, mwili ukawaka moto, koo likawa jekundu, na tezi zikawa na madoadoa ya usaha yanayofutika. (Na hayo mafindofindo msiyadharau, kwa kuwa baadhi yake yasipotibiwa sawasawa huja yakaharibu vilango vya moyo baadaye, lakini hiyo ni hotuba ya siku nyingine.) Katika dondakoo homa ni ndogo, na unyonge ni mkubwa kuliko homa. Mtoto mwenye joto kidogo aliyelegea kama mtu aliyeugua mwezi mzima, huyo mwangalie kinywani.

Mpeleke penye mwanga wa jua au washa taa, mwambie apanue kinywa na kusema “aa”. Ukiona kwenye tezi za koo, upande mmoja au pande zote mbili, utando wa rangi ya kijivu, au mweupe uliochafuka, umeshika kama ukoko ulioshika chini ya sufuria, basi hiyo ndiyo alama. Mwanzo huwa kama doa tu. Katika siku 2 au 3 hutambaa ukafunika tezi, ukapanda kaakaani na kwenye kimeo, au ukashuka chini kwenye njia ya pumzi. Pengine huwa na rangi ya kijani au nyeusi kwa sababu ya damu. Pumzi ya mtoto hunuka. Utando huo si uchafu uliokaa juu ya koo. Ni nyama ya koo lenyewe iliyokufa, imeungana na damu iliyoganda na vijidudu. Kwa hiyo haufutiki. Na mtu akijaribu kuubandua kwa kidole, au kwa kitambaa, au kwa kijiti, damu hutoka, na mtoto aweza kupaliwa na kipande kilichobanduka. Basi tazama kwa macho, wala usiguse.

Shingo nalo huvimba chini ya taya, pande zote mbili, hata likawa nene kama shingo la fahali. Hapo watu wengi hudanganyika wakasema ni matubwitubwi, wakampaka mtoto masizi au majivu na kumwacha nyumbani. Matubwitubwi hayaweki utando kooni. Uvimbe wa shingo pamoja na pumzi yenye kunuka ni alama ya sumu nyingi mwilini, na mgonjwa wa namna hiyo yu katika hatari kubwa.

Utando ukishuka kwenye sanduku la sauti, sauti hukwaruza kisha hupotea. Kikohozi huwa kama mbwa abwekaye. Na mtoto akivuta pumzi hutoa mlio, na mashimo huonekana chini ya koo na katikati ya mbavu kwa jinsi anavyojikaza. Midomo ikigeuka rangi ya buluu, saa zilizobaki ni chache. Mtoto huyo huhitaji daktari amfungulie njia ya pumzi, hata kwa kupasua koo mbele na kutia bomba. Iko namna nyingine ya puani, ambayo mtoto hutokwa na makamasi yenye damu, mara nyingi kwa tundu moja, na midomo ya juu ikachubuka. Hiyo haimwumizi sana, lakini ndiyo yenye kuambukiza darasa zima.

Mkiyajua hayo mmejua nusu tu. Nusu ya pili hutokea baada ya koo kuanza kupona.

Nimesema sumu huenda kwenye moyo na kwenye mishipa ya fahamu. Basi yaweza kuwa utando umekwisha kubanduka wenyewe, mtoto amepata nafuu, ameomba uji, na mama amefurahi. Kisha katika wiki ya kwanza au ya pili, mtoto aliyesimama kwenda kuchota maji anaanguka na kufa. Wenyeji husema amerogwa, kwa maana walimwona jana akicheka. Hakurogwa. Moyo wake ulikuwa umeharibiwa na sumu tangu siku zile za mwanzo, nao ulikuwa ukijikokota tu. Kwa hiyo mgonjwa wa dondakoo hulazwa kitandani na kutazamwa moyo wake, hata akisema ni mzima.

Katika wiki ya tatu au zaidi huweza kuja kupooza. Kwanza hupooza kaakaa: mtoto husema kwa puani, na maji anywayo hutoka kwa pua. Kisha macho hushindwa kusoma maandishi ya karibu. Baadaye miguu na mikono hulegea, na pengine misuli ya kuvuta pumzi. Wale wasiokufa kwa kupooza huku hupona, lakini kwa muda mrefu.

Na sasa nifike kwenye jambo la kimeo, maana najua ya kuwa hamtatoka hapa bila kuniuliza. Katika vijiji vyetu vingi, mtoto akikohoa, au akikataa kunyonya, au akiumwa koo, hutazamwa kinywani na kusemwa, kimeo kimekuwa kirefu, akatwe. Kimeo, au kidakatonge kama wengine wakiitavyo, ni kipande cha nyama kilichowekwa na Mungu nyuma ya kaakaa, kisaidie kuziba njia ya puani mtu anapomeza. Si ugonjwa. Kukikata hakuondoi kijidudu hata kimoja cha dondakoo. Nitasema wazi, bila kumtukana mtu: fundi wa kimeo akimkata mtoto mwenye utando kooni, amefungua kidonda kipya katikati ya sumu, damu yaweza kutoka isikome, na chuma kisichochemshwa chaweza kutia pepopunda au virusi vya UKIMWI. Hata kama hayo yote yasitokee, limetokea moja lililo baya vilevile, nalo ni kupoteza siku. Leo mtoto amekatwa kimeo, kesho wanangoja kidonda kipone, kesho kutwa wanasema labda fundi hakukata vizuri, na siku ya nne wanatafuta gari la kwenda hospitali. Wazee, ninyi ndio mnaosikilizwa na mafundi hao. Nawaomba mkae nao. Fundi ajuaye alama za dondakoo, na kumrudisha mama njiani akamwambia aende hospitali kwanza, ataokoa mtoto kuliko mimi, kwa kuwa yeye humwona mgonjwa kabla yangu.

Kwa nini siku hizo nne ni nyingi? Sikilizeni jinsi dawa inavyofanya kazi. Mwaka 1890, Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato, katika mji wa Berlin, walitangaza ya kuwa mnyama akizoezwa sumu kidogo kidogo, damu yake hutengeneza kitu chenye kuivunja sumu, na maji ya damu hiyo akipewa mwingine humkinga. Baadaye farasi walitumiwa, kwa kuwa ni wakubwa na wana damu nyingi. Mwaka 1894 Roux alieleza habari ya hospitali ya watoto ya Paris alikoitumia dawa hiyo: zamani karibu nusu ya watoto wenye dondakoo walikufa, na baada ya dawa wakafa kama robo. Behring alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1901, na ilikuwa tuzo ya kwanza kabisa ya mambo ya uganga.

Lakini dawa hiyo huvunja sumu iliyo katika damu tu, yaani sumu ingali njiani. Sumu iliyokwisha kuingia katika chembe za moyo haifikiwi tena na dawa yoyote. Ndiyo maana madaktari wa zamani walioandika hesabu zao siku kwa siku waliona ya kuwa wagonjwa waliopata dawa siku ya kwanza walipona karibu wote, na wale walioipata siku ya tano au baadaye walikufa hata kukaribia 1 katika 5. Dawa ni ile ile, na kipimo kile kile. Kilichobadilika ni siku. Kwa sababu hiyo daktari akishuku dondakoo hangoji majibu ya maabara. Hupangusa koo kwa pamba kwa ajili ya kupima, na dawa huitoa hapo hapo, akiisha kumjaribu mgonjwa kama mwili wake waivumilia damu ya farasi.

Watu wa mji wa Nome, katika Alaska, walilijua jambo hili. Mwezi wa Januari 1925 dondakoo liliingia mjini humo, na dawa aliyokuwa nayo daktari wao, Curtis Welch, ilikuwa imepita muda wake. Bahari ilikuwa imeganda kwa baridi, na kituo cha reli kilichokuwa karibu kilikuwa Nenana, kilomita zipatazo 1,085 kutoka kwao. Basi dawa ilifungwa kwa ngozi na mablanketi, ikapakiwa juu ya magari yasiyo na magurudumu yanayokokotwa na mbwa juu ya theluji. Madereva 20 walipokezana mzigo ule, usiku na mchana, katika baridi iwezayo kumkata mtu vidole. Safari ambayo posta ilizoea kuifanya kwa wiki tatu na zaidi, wao waliimaliza kwa siku 5 na nusu, wakafika tarehe 2 Februari. Mbwa aliyeongoza kundi la mwisho, jina lake Balto, amewekewa sanamu katika bustani ya mji wa New York. Nawasimulia habari hii si kwa kuwafurahisha. Sisi hatuna theluji, na barabara zetu, hata wakati wa masika, si mbaya kama ile. Gari la kumpeleka mtoto mmoja hospitali lisikosekane kwa sababu wenye nyumba wangali wanashauriana.

Tena jueni ya kuwa dawa hii ya farasi hutengenezwa na viwanda vichache tu duniani, wala haikai katika kila zahanati. Mara nyingi hospitali ya wilaya itabidi kuiagiza kutoka mbali. Mkichelewa kuleta mgonjwa, mmeongeza kuchelewa kwenu juu ya kuchelewa kwa njia. Pamoja na dawa hiyo mgonjwa hupewa penisilini, au dawa nyingine za jamii ya erithromaisini, kwa siku 14. Hizo huua vijidudu visitengeneze sumu mpya, na kumzuia mgonjwa asiambukize wengine. Lakini sumu iliyokwisha kutolewa haziigusi. Kwa hiyo mtu asinunue vidonge dukani akadhani amemaliza kazi. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa katika watu wasiochanjwa na wasiopata matibabu ya kufaa, kama 30 katika kila 100 hufa, na watoto wadogo ndio walio katika hatari zaidi.

Kuhusu chanjo sitasema maneno mengi, kwa kuwa wauguzi huwaeleza kila siku. Mwaka 1923 Mfaransa Gaston Ramon aliitia sumu ya dondakoo dawa ya fomalini pamoja na joto, ikapoteza makali yake, ila mwili ukaendelea kuitambua na kujifunza kupigana nayo. Hiyo ndiyo chanjo. Watoto wetu wa Tanzania na Kenya huchomwa wakiwa na umri wa wiki 6, wiki 10 na wiki 14, na sindano ile moja hukinga pia kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya aina ya B, na bakteria moja iletayo kichomi na homa ya uti wa mgongo. Mara moja haitoshi, wala mara mbili. Na kwa kuwa nguvu yake hupungua kwa miaka, Shirika la Afya Duniani hushauri chanjo za kuongezea nguvu katika mwaka wa pili, tena mtoto anapoanza shule, na tena anapokaribia utu uzima.

Mzee mmoja aweza kusema, sisi hatukuchomwa sindano hizo, na tungali hai. Ni kweli, na kuna sababu. Zamani watoto wengi wa nchi za joto walipata vijidudu hivi kwa njia ya vidonda vya ngozi wakiwa wadogo, na miili yao ikajifunza kupigana na sumu pasipo wenyewe kujua. Lakini mzee huyo awahesabu na wale waliozaliwa pamoja naye ambao hawapo, waliozikwa kwa maneno ya “koo lilimbana”. Wao hawawezi kuja hapa kutoa ushahidi.

Na mtu asidhani ugonjwa ulioondoka haurudi. Nchi zilizokuwa Umoja wa Kisovyeti zilikuwa zimekaribia kuusahau. Chanjo zikalegea, na nchi ikavunjika, na tangu mwaka 1990 mpaka 1998 watu zaidi ya 150,000 waliugua, na wapatao 5,000 wakafa, wengi wao watu wazima. Mwishoni mwa mwaka 2017 uliwapata wakimbizi wa Kirohingya katika kambi za Bangladesh. Mwishoni mwa mwaka 2022 ulizuka Kano katika Nigeria, na katika mwaka 2023 ukaenea kwa maelfu ya watu, wengi wao watoto wasiokamilisha chanjo. Nigeria si mbali kama Alaska.

Basi mwalimu akimwona mtoto mwenye dalili hizi afanye nini? Asimrudishe nyumbani peke yake. Amtenge, amfunike kinywa na pua kwa kitambaa au barakoa, amwite mzazi, na kupeleka habari kituo cha afya siku ile ile. Aandike majina ya watoto waliokaa dawati moja naye, na wale wa nyumbani mwake, kwa kuwa hao wote watapimwa, watapewa dawa ya kuua vijidudu hata kama hawaumwi, na kuchanjwa wale ambao chanjo zao hazikutimia. Mkuu wa kijiji asaidie watu wa afya wapokewe majumbani, maana nyumba iliyopata msiba huogopa kusemwa, ikaficha mgonjwa wa pili. Vikombe na vyombo vya mgonjwa vichemshwe. Ikiwa mtoto amefariki, watu wa afya waulizwe kwanza namna ya kumwosha na kumzika, kabla jamaa hawajamkumbatia.

Na aliyepona asiachwe. Cha kwanza, achanjwe, kwa kuwa kuugua dondakoo mara nyingi hakumpi mtu kinga ya kutosha. Aweza kuugua tena. Cha pili, asitumwe maji, wala kuni, wala asicheze mpira mpaka daktari aseme moyo wake umepona. Na mtoto huyo akirudi darasani, mwalimu akamsikia anasoma kwa sauti ya puani, wenzake wakaanza kumcheka, au akamwona anasogeza kitabu mbali ndipo aweze kuona herufi, asimwadhibu kwa uvivu. Amfungie vitabu vyake, na ampeleke hospitali asubuhi ile, pamoja na karatasi yenye tarehe ya siku koo lilipoanza kuuma.